Ukuta Uliokunywa Hewa

Eddo wangu, dada yake baba, si mtu wa maneno mengi. Hata habari ya msiba huitoa kwa sentensi moja, kisha anakata simu ili salio lisiishe. Ndiyo maana aliponipigia mwisho wa Machi, nikiwa chumba cha walimu Habaswein na rundo la madaftari mbele yangu, akasema kwamba baba yangu yuko ukutani kila alfajiri na mama anamsalimia, sikucheka. Nilimwuliza anasema nini. Akanijibu nije nijionee mwenyewe, na kwamba mama anakohoa, kisha akakata.

Baba alikuwa amefariki Novemba.

Siku ya msiba nilitoka Habaswein na lori la kwanza nililolipata. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na tulipofika kwenye laga, mto wa msimu unaokatiza njia, tukakuta maji yanapita ukingo kwa ukingo, mekundu, yakibeba miti mizima. Dereva alizima injini akateremka kunawa miguu, na hapo nikajua hatuendi popote. Kwetu maiti halazwi, huzikwa siku ileile. Wakati mimi nimekaa juu ya magunia nikiyatazama yale maji, Garissa walikuwa wanamwosha, na ilipofika alasiri eddo akapiga simu, sentensi moja, kwamba wamemzika. Nilikaa pale siku mbili. Nilipofika nyumbani na matope hadi magotini, nilimkuta mama amevaa nguo nyeupe za eda na mkeka wa baba umekunjwa umesimamishwa pembeni.

Mwanamke kwetu hafuati jeneza, hilo nalijua tangu utotoni na halinisumbui. Lakini kabla ya sanda kufungwa, watoto huingia wakautazama uso. Ndugu zangu waliuona, majirani waliuona, hata muuza maziwa aliyepita kudai debe lake aliuona. Mimi sikuuona. Nilikasirika, na kwa kuwa huwezi kuikasirikia laga, nilimkasirikia kila mtu aliyenipa pole. Nilikaa siku tatu uani, sikuingia chumba chao hata mara moja, nikarudi kazini.

Sasa niseme habari za chumba chenyewe, maana mambo yote yalitokea humo.

Baba, tuliyemwita aabo, aliuza chumvi ya mifugo. Si ile nyeupe ya mezani, bali ile ya mabonge ya kijivu, chungu ulimini, inayoletwa kwa magunia na ambayo ngamia huilamba mpaka macho yakafumba. Alikuwa na kibanda soko la mifugo, na ghala lake lilikuwa nyumbani, chumba cha kwanza ukiingia lango. Nilikulia na harufu ile. Magoti yalipomchosha alihamishia ghala lote sokoni, akapaka chumba chokaa, wakakifanya cha kulala, yeye na mama, kwa sababu ndicho chumba chenye baridi kuliko vyote. Kila alfajiri baada ya swala alikaa ameegemea ukuta wa mashariki, mahali palepale, akisoma Kurani yake ya kila siku mpaka jua lipande. Jioni mama aliwasha uunsi, ubani wetu wa kupika kwa sukari na utomvu, akaweka dabqaad, kile chetezo cha udongo chenye makaa, miguuni pa ukuta huohuo.

Jambo jingine ni mashati yake. Kila shati la baba lilikuwa na mawimbi meupe ya chumvi mgongoni, na mama alilalamika mwaka baada ya mwaka kwamba hajaona mtu anayetoka jasho kama yule. Sisi watoto tulimtania kwamba amebeba magunia mpaka chumvi imemwingia kwenye damu. Baba alicheka tu, akavaa shati jingine.

Shule zilipofungwa Aprili nikashuka Garissa. Mama alinipokea langoni, ameshavua nyeupe, amevaa dirac yake ya kahawia, maana eda ilikuwa imekwisha. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia akaniita hooyo, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao kwa jina lao wenyewe, na kifuani mwake nikasikia mlio mwembamba, wa mlango usiotiwa mafuta. Nikataka kulala chumba changu cha zamani. Akasema hapana, nilale naye.

Alfajiri ile tuliswali pamoja, mimi kidogo nyuma yake. Hewa ilikuwa nzito, ya mto, hewa ya Garissa mvua zinapokaribia, inayokaa usoni hata kama hujatoka nje. Nilipogeuza uso kulia kutoa salamu ya kumaliza swala, nikamwona.

Nasema nikamwona kwa sababu hicho ndicho kilichotokea kabla akili haijanirudia. Kwenye chokaa palikuwa na kivuli cha maji. Kichwa, shingo fupi, mabega mawili, mgongo mpana unaoshuka hadi kwenye mkeka. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo ya la kulia, kama lilivyokuwa lake, bega la kubebea magunia. Tone moja lilikuwa limejikusanya pale ambapo sikio lingekuwa, likaning'inia, likashuka. Nikageuza uso kushoto haraka kumalizia salamu, na kushoto hapakuwa na kitu ila mlango.

Mama alikunja mkeka wake bila haraka, akageuka akaketi kuuelekea ukuta. "Assalamu alaykum," alisema, kwa sauti ileile ambayo mtu humsalimia mumewe anapotoka kunawa. Kisha akampa habari. Alimweleza kwamba jirani amejifungua mtoto wa kike, kwamba mbuzi mmoja amekataa kula, kwamba paa la jikoni linahitaji bati. Mwisho akasema binti yako amefika, akanigeukia.

"Hooyo, huo ni unyevu," nikasema.

"Naona. Msalimie."

Niliinuka nikatoka nje kutafuta ufagio. Uani palikuwa safi, lakini nilifagia.

Ilipofika saa nne, jua limepiga ukuta kwa nje, hapakuwa na mtu tena. Palibaki vumbi jeupe, laini, lililofuata mstari wa mabega. Mama hakutaka lifutwe. Asubuhi iliyofuata yule wa ukutani alikuwa amerudi, na iliyofuata, wakati uleule, kati ya adhana na macheo, na kila mara mama alimsalimia, akanigeukia akaniambia nimsalimie. Nikawa na kazi nyingi sana za alfajiri. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilichota maji mapipa yakafurika. Ukweli ni kwamba niliogopa, na mwalimu wa kemia akiogopa ukuta hana mtu wa kumwambia.

Lakini jambo kubwa halikuwa hofu yangu. Nilipoukunjua mkeka wa mama nikakuta upande wa ukutani umeota ukungu wa kijani, na blanketi lake lilikuwa na harufu ya kisima. Kikohozi kilimkamata kila alfajiri mpaka akashika goti. Nikampeleka zahanati. Daktari, mama mmoja wa makamo kutoka Ukambani, alimsikiliza kifua muda mrefu, akauliza analala wapi, nikamweleza habari ya ukuta bila kutaja mabega. Akasema ama mama atoke chumba kile, ama kikaushwe, na iwe kabla mvua hazijashika, kwa sababu mvua kubwa ikimkuta humo na mapafu yale, yeye hatoi ahadi yoyote. Hazikubaki hata wiki mbili mvua kuanza.

Mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii kikohozi ni ya fumbi tu, dakitari. Mimi siwesi toka. Iko mtu nakuja kila asubuhi, na bado hajamalisa."

Daktari akanitazama mimi. Nikasema ni mjane, kana kwamba hilo linaeleza jambo lolote.

Basi nikaamua kumshinda mama kwa elimu. Darasani nina somo ninalolipenda, la vitu vinavyokunywa maji ya hewani. Unaweka chumvi za aina mbalimbali kwenye visahani, unaziacha usiku, na asubuhi wasichana wanakuta nyingine zimelowa, nyingine zimekuwa dimbwi, ingawa hakuna aliyetia hata tone. Hewa ina maji wakati wote, nawaambia, hata kama huyaoni, na kuna vitu vyenye kiu ya kuyavuta. Habaswein somo lenyewe hunishinda mara nyingi, kwa sababu hewa ya kule imekaukiwa na chumvi inaamka kama ilivyolala, na wasichana hucheka. Lakini Garissa, kando ya Tana, mwezi wa Aprili, nilijua sitashindwa.

Jioni nikapanga visahani vitatu chini ya ule ukuta. Kimoja chumvi ya jikoni, kimoja sukari, kimoja chumvi ya mifugo niliyoichukua kibandani kwa baba. Alfajiri, chumvi ya jikoni ilikuwa imeshikana. Sukari ilikuwa imefanya ganda juu. Bonge la mifugo lilikuwa limezama nusu ndani ya maji yake lenyewe, na juu yake, ukutani, alikuwa ameketi yeye.

Nilimweleza kila kitu. Chumvi ya mifugo ina chumvi nyingine chungu ndani yake, zenye kiu zaidi. Ukuta huu ulikaa na magunia miaka mingi, umeshiba chumvi. Alfajiri hewa ikiwa nzito ukuta unaivuta, jua likitoka unaitema. Nilisema vizuri sana, najua, kwa sababu nimelisema somo lile mara nyingi.

Mama alikiinua kisahani, akakiinamisha, maji yakatembea. "Kwa hiyo chumvi inakunywa hewa," alisema. "Na hewa ya chumba hiki miaka yote alikuwa anaivuta nani?"

Nikaenda kwa eddo kutafuta msaada, maana yeye hakuufurahia ukuta hata kidogo, alishamwita ustadhi aje asome. Ustadhi alikuja, akasoma vizuri, akanywa chai, akaugusa ukuta kwa kidole akakilamba, akashauri aitwe fundi. Kwa hilo nilimpenda. Lakini nilimwuliza eddo kwa nini chumvi imekaa mahali pale tu na kwa umbo lile, na eddo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizungumza sentensi zaidi ya tatu.

Alisema mgongo wa baba uliila ile plasta. Miaka ya kuegemea palepale ilichimba shimo, mchwa wakapita humo. Baba hakutaka kumlipa fundi kwa kazi ndogo vile. Alichanganya saruji na mchanga, na kwa kuwa alikuwa muuza chumvi na aliamini hakuna kitu chumvi haiwezi kukitibu, akamwagia mabaki yote yaliyofagiwa ghalani, madebe mawili, ili mchwa wasirudi. Akaziba kwa mikono yake. Kisha ilipofika jioni, kwa mazoea, akaketi akaegemea kabla haijakauka. Walimcheka wakamwinua na plasta shatini. Akasema basi, sasa kiti kimenitosha, akapaka chokaa juu, na tangu siku ile aliingia mle mgongo wake kwa kipimo.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Nilimwambia mama kwamba nimepata ufumbuzi, kwamba lile umbo si ajabu, ni alama tu ya mgongo wake kwenye saruji yenye chumvi, aliitia mwenyewe kwa mkono wake.

"Kwa hiyo ni yeye," mama alisema.

Usiku huo mawingu yalisimama upande wa mto na hayakushuka. Mimi nilikuwa nimebakiwa na swali moja, na lilinisumbua kuliko yale niliyoyajibu. Ukuta ulikuwa na chumvi ile miaka mingi kabla ya msiba. Kwa nini ulinyamaza miaka yote, ukaja kusema baada ya yeye kufa?

Nililipata jibu nikipanga kabati la mama. Mashati ya baba yalikuwa bado humo, yamekunjwa, na mgongoni mwa kila moja ile ramani nyeupe. Halikuwa jasho. Kila alfajiri ya miaka ile ukuta ulilowa, na kila alfajiri alikuwepo mtu wa kuufuta kwa mgongo wake bila kujua. Na jioni ulikuwepo moto. Eda ilipoanza, vyote viwili vilikoma siku moja, kwa sababu mjane kwetu hajitii manukato wala hafukizi uunsi miezi minne na siku kumi. Dabqaad ilikaa baridi. Sijui kama makaa machache kama yale yanaweza kweli kukausha ukuta, sijapima, lakini nilikuwa tayari kuamini.

Basi dawa ilikuwa nyepesi. Eda imekwisha, awashe. Nikatoa kopo la uunsi juu ya kabati, nikakuta yale mabonge ya kahawia yameyeyuka yakawa uji mzito unaonata, kwa kuwa sukari nayo ilikuwa imekunywa hewa miezi yote ile. Hapo nikakumbuka kitu ambacho eddo aliwahi kukilalamikia, kwamba siku ya kutoka eda wanawake walimletea mama uunsi mpya wa kila namna, akashukuru, akaufungia, hakuwasha. Nyumba ya Msomali bila uunsi, eddo alisema, watu wataanza kuuliza.

Nilimwomba mama awashe. Akasema bado. Nilimwuliza bado nini. Akakohoa badala ya kujibu, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na nilipomwinua midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Zahanati walimlaza siku mbili, wamtie dawa ya mvuke. Nilikaa naye siku ya kwanza nikimtazama akivuta pumzi, na hasira zikanipanda. Nilimwona kama mtu aliyechagua doa la maji kuliko mapafu yake, kuliko mimi. Nikajiambia sitazika wa pili kwa simu. Asubuhi ya pili nikamwachia eddo zamu, nikapita mjini nikamchukua fundi.

Alikuwa mtu mpole kutoka Mwingi, na alifanya kazi huku akiimba kwa sauti ya chini. Alianzia chini, akapanda. Plasta ilitoka kwa mabonge, na kila bonge lilikuwa kavu kwa nje, bichi kwa ndani, ingawa ilikuwa adhuhuri na bati juu yetu lilikuwa linalia kwa joto. Alipofika mabegani akaacha kuimba. Alirudi hatua moja, akapangusa uso, akaniuliza ni nani alikuwa anakaa pale. Nikamwambia ni ukuta tu, una chumvi.

"Sawa, mwalimu," alisema. "Lakini hapo kwa kichwa utanisamehe. Hapo sipigi."

Nikamnyang'anya patasi na nyundo. Nilipiga mwenyewe. Sikupiga kama mtu anayeondoa plasta, nilipiga kwa ile hasira ya kwenye laga, na pumzi yangu ilitoka kwa sauti ambayo fundi aliona aibu kuisikia, akatoka nje. Vumbi liliniingia mdomoni, chungu, ile ladha ya utotoni. Nilipoacha palibaki matofali matupu, na mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo.

Fundi alibeba vifusi kwa karai akavimwaga nje ya lango akisubiri mkokoteni. Mkokoteni haukuhitajika sana. Mbuzi wa mtaa walisikia harufu. Walikuja wawili, wakaja kumi, wakaja hata wa mtaa wa pili, wakasimama kichwa kwa kichwa wakilamba lile rundo kimya, bila kupigana, macho yamefumba. Nilisimama langoni nisijue kama niwafukuze. Nilipoinama kuokota kipande kimoja, mbuzi mmoja alinitazama, akaendelea. Nilikitia kipande kile kwenye pindo la buibui langu, sikujua kwa nini.

Mama aliruhusiwa jioni. Njiani kwenye tuktuk sikumwambia kitu. Aliingia chumbani akasimama mbele ya ukuta ulio wazi, ambao nilikuwa nimeufagia na kuupangusa. Nilingoja anipigie kelele. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari, la daktari, la mapafu, la mvua.

Hakupiga kelele. Aliomba dabqaad. Nikamletea, nikamletea makaa ya jikoni, naye akafungua kabati akatoa uunsi mpya wa siku ya kutoka eda, akabana kipande kwa vidole viwili akakiweka juu ya moto. Moshi ulipanda. Ilikuwa mara ya kwanza harufu ile kuingia nyumbani tangu Novemba, na niliisikia mpaka magotini. Akakisogeza chetezo mlangoni, upepo uuchukue moshi mbali na kifua chake, kisha akaketi.

"Ulidhani mimi sijui moto unakausha?" aliniuliza. "Nimekaa na ukuta huu kabla hujazaliwa."

Nikamwambia basi angewasha, asingeugua.

"Mimi niliagana naye siku eda ilipokwisha, hooyo. Mimi nilimaliza. Lakini watoto wote waliuona uso wake, isipokuwa wewe. Nikasema nisiwashe mpaka binti yake aje amsalimie. Siku zote hizi sikuwa namngoja yeye. Nilikuwa nakungoja wewe."

Alisema bila kunilaumu, kama mtu anayeeleza kwa nini alichelewesha chakula. Nikakumbuka kila alfajiri aliponigeukia. Nikakumbuka ufagio, na mapipa yaliyofurika. Salamu moja tu nilimpa, ile ya kumaliza swala, na haikuwa yake. Nililia mbele ya mama yangu kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikilaza kichwa pajani mwake, na kifua chake kikalia juu yangu, lakini kwa sauti ndogo kuliko jana.

Mvua ilianza siku nne baadaye, kubwa, ya kupiga bati usiku na mchana. Chumba kilibaki kikavu. Kufikia Juni mama alikuwa anapanda ngazi za duka la kaka yangu bila kupumzika, na daktari alinisifu kwamba nimechukua hatua kwa wakati. Ni kweli, nilichukua, na mama angali hai. Nikirudishwa pale ningeung'oa tena ukuta ule. Ningetangulia tu kukaa naye asubuhi moja.

Kile kipande nilikuja nacho Habaswein. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, upande mmoja una chokaa na una mbonyeo laini kidogo. Sijui ni cha bega au cha kichwa. Nilikiweka kwenye kisahani dirishani, na kila alfajiri baada ya swala nilikigusa. Mei kilikuwa kikavu. Julai kikavu, Agosti kikavu, hewa ya huku haina cha kumpa. Mwalimu ninayeishi naye nyumba moja aliniuliza kama ni jiwe la dawa, nikamwambia ni la darasani.

Novemba ilipofika mvua ilikuja, na kwa wiki moja barabara ilifungwa tena. Alfajiri moja niliamka nikakuta mlango umevimba haufunguki vizuri na shuka lina ubaridi. Niliswali. Nilipogeuza uso kulia sikuharakisha. Kipande kilikuwa cheusi, na kilikuwa kimeketi ndani ya duara dogo la maji.

Nikakunja mkeka nikaketi kukielekea. Nikasema assalamu alaykum, aabo. Mama alikuwa akimpa habari za majirani na za mbuzi, lakini mimi nilikuwa na yangu ya mwaka mzima na sikujua pa kuanzia. Nikaanza na laga, nikamwambia maji yalikuwa mengi.